Somo: Kumwajiri mfanya usafi wa nyumbani wa kila wiki, na mambo ya kutarajia

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na mfanya usafi hautokani na uvivu wala ujanja, bali na neno "safi", ambalo kila mtu ana picha yake kichwani. Kwa mmoja, jikoni ni pasafi vyombo vikiwa vimeoshwa na meza imepanguswa; kwa mwingine, hapajawa pasafi mpaka mafuta yaliyoganda ukutani nyuma ya meko yakwanguliwe. Ndiyo maana somo hili linaanza na kalamu na karatasi, kabla hujamtafuta mtu yeyote.

Hatua ya 1: Andika kazi zenyewe.
Pita chumba kwa chumba ukiandika vitendo. "Bafu ling'ae" si agizo. "Kusugua sinki, choo na kuta, kupangusa kioo, kisha kudeki" ni agizo. Tenganisha kazi za kila siku anayokuja na kazi za zamu, kama vile kuosha madirisha, kusafisha friji kwa ndani na kufuta vumbi juu ya makabati, ambazo zikifanywa moja moja kila wiki humalizika bila kumwelemea mtu. Taja pia yasiyohusika. Kufua, kupiga pasi na kuangalia watoto ni kazi nyingine. Ukizitaka, zipatanieni bei mapema, usizipenyeze baadaye kwa lugha ya "nisaidie kidogo tu".

Hatua ya 2: Chagua kati ya mtu binafsi na kampuni.
Kampuni mara nyingi huweza kuleta mtu mwingine pale yule aliyekuzoea anapougua, ila huenda ukaletewa sura mpya kila mara. Ukimwajiri mtu moja kwa moja, huenda sheria ya nchi yako ikakuhesabu kuwa mwajiri, kwa hiyo uliza wajibu wako kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: Zungumza na waliowahi kufanya naye kazi.
Usiulize kama ni mzuri, kwa kuwa utajibiwa kwa adabu tu. Uliza kama alikuja siku alizoahidi, kama alitoa taarifa aliposhindwa kuja, na kama kitu kilipovunjika alisema mwenyewe. Hilo la mwisho mimi hulipa uzito kuliko mengine yote.

Hatua ya 4: Wekeni makubaliano kwa maandishi.
Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti yake kwa njia inayoeleweka na inayoweza kuthibitishwa, ikiwezekana kwa mkataba wa maandishi: aina ya kazi, ujira na namna unavyokokotolewa, saa za kazi, mapumziko, na namna ya kuvunja makubaliano. Mkataba huo unazifunga nchi zilizouridhia, lakini orodha hiyo inafaa popote. Ongezeni nani ananunua sabuni na vifaa, na nani anakaa na ufunguo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, uwepo nyumbani.
Mzungushe nyumba nzima ukiwa na ile karatasi. Tarajia kazi ya siku hiyo ichukue muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu anaondoa uchafu uliolimbikizana. Mwonyeshe vitu vinavyodhurika: siki na limau hula jiwe la marumaru, na maji mengi huvimbisha sakafu ya mbao. La muhimu zaidi ni usalama wake. Dawa ya klorini ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi ya kloramini. Zote mbili hudhuru mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha huzidisha hatari. Acha dawa katika chupa zake zenye maandishi, na umpatie glavu.

Hatua ya 6: Sema mapema.
Usimhukumu kwa siku ya kwanza. Likikukera jambo, litaje wiki hiyo hiyo, kwa kutaja mahali: "chini ya kitanda palibaki vumbi". Ukikusanya makosa ya miezi mitatu ukayamwaga siku moja, atasikia hasira yako tu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, ni bora kulipa kwa saa au kwa kazi?
Kwa saa inafaa mwanzoni, wakati hakuna kati yenu anayejua nyumba inachukua muda gani. Mkishazoeana, malipo ya kazi nzima humpunguzia yeye kutazama saa, mradi orodha haiongezwi kimyakimya.

Nikisafiri wiki mbili, nimlipe?
Kubalianeni kabla hujasafiri. Yeye amekutengea siku hiyo na pengine amemkataa mteja mwingine. Mimi huona ni haki kumlipa walau sehemu, au kumpa kazi za zamu afanye nikiwa sipo.

Amevunja bakuli nililorithi, naye amekiri. Nimkate?
Pole sana, ndugu. Kumkata ujira bila makubaliano huweza kuwa kosa kisheria, na kutamfundisha kuficha la pili. Vitu visivyo na mbadala viweke kando, au uvifute mwenyewe.

Mume wangu hunicheka kwa kupanga nyumba kabla mfanya usafi hajafika. Ana haki?
Hana, dada. Kupanga si kusafisha. Nguo na vitu vya watoto vikiwa vimetapakaa, saa unazomlipa huishia katika kuokota na kubahatisha kila kitu kinakaa wapi, na sakafu hudekiwa harakaharaka mwishoni. Ila vyombo usimwoshee, kama vimo kwenye orodha yake.