Pesa yako inazaa asilimia ngapi? Tumia SOLVE ya kalkuleta

Tuseme umekuwa ukiweka elfu tano kwa MMF (money market fund, mfuko wa uwekezaji unaolipa riba) kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia tu, miaka mitatu sasa, na app inakuonyesha 214,000. Wewe umeweka 180,000, so faida ni 34,000. Sasa hapo ndio watu wengi huteleza, mtu anachukua 34,000 anagawa kwa 180,000 anapata kama 18.9%, anagawa tena kwa miaka mitatu, 6.3%, anaanza kulia ati hii kitu ni bure afadhali angenunua ploti Kamulu. Lakini hiyo 180,000 haikukaa huko miaka mitatu! Elfu tano ya kwanza ndio imekaa karibu hiyo miaka mitatu, ya mwisho imeingia leo na haijazaa hata ndururu. Ukihesabu vile inafaa, hiyo pesa imezaa karibu 12.2% kwa mwaka.

Kwa mkono huwezi kuipata hiyo namba, juu riba iko ndani ya mabano yenye kipeo na iko tena chini kwa mgao. Lazima ujaribu jaribu, na hiyo kazi ndio SOLVE inakufanyia, inatumia njia ya Newton kusogea kutoka kwa kisio moja hadi lingine mpaka pande mbili za equation zilingane.

Hapa natumia Casio fx-991ES Plus. Ile fx-82MS ya shule wacha ikae, haina SOLVE. Hakikisha uko COMP (mode ya hesabu za kawaida), halafu andika hii:

A×((1+X)^B−1)÷X=C

A ni pesa ya kila mwezi, B ni idadi ya miezi, C ni salio, X ndio riba ya mwezi mmoja. Herufi unazitoa kwa ALPHA, X iko kwa kile kitufe cha kufunga mabano, na ile alama ya = ya katikati ni ALPHA CALC, usibonyeze = ya kawaida ya pale chini. Ukimaliza bonyeza SHIFT CALC, itakuuliza A? weka 5000, B? weka 36, C? weka 214000, kila moja unafuata na =. Ikifika Solve for X weka 0.01 kama kisio la kuanzia, halafu =. Usiweke 0 kwa sababu unagawa kwa X, na usiweke 12 ukifikiria ni asilimia, mashine inataka desimali.

Subiri kidogo, itakupa X kama 0.00965. Angalia pia L−R hapo chini (upande wa kushoto toa wa kulia), ikiwa sifuri ama karibu sana na sifuri uko sawa, ikiwa namba kubwa usiamini hiyo jibu, rudia na mwanzo tofauti kama 0.005. X imebaki kwa memori so andika ((1+X)^12−1)×100 na utaona 12.2. Kama hilo salio limeshakatwa ile withholding tax ya 15% (kodi ya Kenya inayokatwa kwa riba) basi hiyo ni faida yako safi.

Na kama kuna mwezi uliruka (Januari tunaijua sote)? Upande wa kushoto toa A(1+X)^K, K ikiwa miezi iliyobaki kutoka huo mwezi mpaka leo (andika namba yenyewe mahali pa K). Uliruka miwili, toa mara mbili, kila moja na K yake. Ukianza kuruka ruka sana hamia tu spredishiti.

Kitu kingine chenye naona watu hawaangalii ni mkopo. Mtu anaambiwa 12% flat, laki moja kwa mwaka, analipa 112,000 kwa vipande 12 vya 9,333, anasema aah, si ni sawa na MMF yangu. Andika:

A×(1−(1+X)^(−B))÷X=C

A 9333.33, B 12, C 100000, anza na 0.01. X inakuja kama 0.0179, na ukiipeleka kwa mwaka kwa ile hesabu ya juu ni karibu 23.7%. Kumbuka kila mwezi unarudisha kipande lakini riba bado inahesabiwa kwa laki nzima. So ukikopa hiyo uende uweke kwa MMF ya 12.2%, unalipia karibu mara mbili ya chenye unapata.