Gredingi (kupanga levo na slopu za ardhi) ya Civil 3D, programu ya kuchora barabara na viwanja, ikikusumbua fanya hivi
Wasee wa Kisumu mnajua Kano ilivyo tambarare, maji hayana pa kwenda, so ukikosea levo kidogo tu mvua ya Aprili itakuanika. Ile zana ya gredingi ndani ya Civil 3D usiiamini sana, hasa kwa kona za ndani na pale slopu mbili zinakutana, inaweza kuhang ama ikutolee sefesi (uso wa ardhi kwenye modeli) ya ajabu. Kwanza seivu kopi. Halafu chora ukingo wa jengo kwa laini yenye levo (feature line), ofset nje kwa hatua (nakili laini ikienda nje huku levo ikishuka), slopu 2% kutoka kwa ukuta, kisha ziingize kwa sefesi kama breklaini (laini ambazo sefesi lazima izifuate). Slopu za kushuka hadi ardhi ya kawaida wachia koridoo (modeli inayofuata laini, kama ya barabara), hiyo laini yako inaweza kuwa msingi wake.

Na hii inauma wengi: laini mbili zikikatana ndani ya saiti moja ya programu (kikundi cha laini, si kiwanja chenyewe), levo ya ile imeguswa mwisho ndiyo inashinda, na hakuna mtu anakuambia! Tenganisha saiti. Washa kontua za 0.1 m uone pale maji yatatuama.