Kabla ya Kuonja Usichokijua: Matunda, Kokwa na Mboga Ngeni

Jina la tunda geni peke yake halikusaidii sana. Muulize anayelijua mambo matatu: huliwa sehemu gani, limefikia hatua gani ya kuiva, na huliwa bichi au mpaka lipikwe. Ukikosa jibu la mojawapo, liache. Kuonja kidogo hupima ladha na mzio tu. Hakupimi sumu, kwa kuwa sumu nyingine hudhuru kwa kipande kidogo na nyingine huanza kuuma baada ya saa nyingi.

Chukua aki, tunda la taifa la Jamaika. Likiwa bado limefumba lina haipoglisini, sumu inayoshusha sukari ya damu hadi mtu atapike na kuzimia. Huchumwa likishapasuka lenyewe mtini. Hata hapo, huliwa nyama yake ya rangi ya malai tu. Mbegu nyeusi na utando mwekundu hutupwa. Kulipasua kwa kisu ili lionekane limefunguka ni kujidanganya.

Kosa la persimoni, tunda la rangi ya chungwa, halina hatari, ila linachukiza. Aina iliyochongoka ikiliwa ngumu, tanini, kemikali iliyomo ndani yake, hujaza mdomo ukakasi hadi ulimi ukauke. Isubiri ilegee kama mfuko wa maji. Aina bapa yenye umbo la nyanya huliwa ikiwa bado ngumu. Wengi wanaosema hawalipendi tunda hili walikula la kwanza kwa utaratibu wa la pili.

Persimoni, parachichi, embe na kiwi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Vifunge ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi huviharakisha. Nanasi, zabibu na shokishoki haziongezi utamu zikishachumwa, hata ukizivumbika wiki nzima.

Linda mikono pia. Kabla ya kukata fenesi, paka viganja na kisu mafuta ya kula, la sivyo utomvu utaganda na sabuni itakushinda. Ukiganda, usugue kwa mafuta tena. Tunda la mpungate lishike kwa koleo, kwani vile vijimwiba laini kama vumbi huingia ngozini na ni vigumu kuvitoa. Korosho yenye ganda usiing'ate wala usiichome ndani ya nyumba: mafuta ya ganda hubabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na mapafu. Mkorosho, mwembe na mpistachio ni ukoo mmoja, kwa hiyo anayevimba midomo kwa ganda la embe ajihadhari na hizo nyingine.

Mboga za mizizi na jamii ya kunde ndizo zinazohitaji moto wa kutosha. Gimbi lina fuwele kama sindano zinazochoma koo. Likiwasha baada ya kupikwa, bado halijaiva, lirudishe jikoni. Mhogo mchungu hauishi sumu kwa kuchemshwa tu. Humenywa, hulowekwa takriban siku 3 hadi ulainike, hukaushwa, ndipo hupikwa. Maharagwe mekundu yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, weka mengine, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 bila kupungua. Dakika 30 ni salama zaidi. Baada ya hapo ndipo upunguze moto. Kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo huongeza makali ya sumu badala ya kuyaondoa, na punje 4 au 5 zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Tango au mung'unya ukiwa mchungu kuliko kawaida, tema. Uchungu huo hauondoki kwa kupikwa.

Kokwa kama korosho na lozi zinuse kwanza. Harufu ya rangi ya mafuta inaonyesha zimechacha. Zenye ukungu tupa zote, kwa kuwa kukaanga hakumalizi sumukuvu. Lozi chungu hutoa sumu ya sianidi inapotafunwa, basi usiimeze. Kokwa za Brazil zina madini ya seleni mengi mno: 1 hadi 3 kwa siku zinatosha, na anayezibugia kila siku huishia kupukutika nywele na kucha kukatika. Watoto chini ya miaka 5 wapewe kokwa zilizosagwa, nzima huwakaba.

Sasa kuonja kwenyewe. Fanya asubuhi, si usiku unapokwenda kulala, na jaribu kitu kipya kimoja tu kwa siku, ili ukiwashwa ujue ni kipi. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, tafuna, subiri saa 2. Midomo ikiwasha, vipele vikitoka au ukianza kukohoa, acha. Pumzi zikibana au koo likivimba, ni hospitali mara moja.

Mwenye figo dhaifu asiguse karambola, tunda lenye umbo la nyota likikatwa, kabisa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa. Anayetumia dawa za kushusha kolesteroli amuulize mfamasia kuhusu balungi, maana huzidisha baadhi ya dawa hizo mwilini.

Na ukila pitaya (tunda la joka) nyekundu au bitiruti, kesho yake usishtuke chooni: huenda si damu, ni rangi tu, nayo huisha ndani ya siku moja au mbili.