Tahajia inapokusumbua: kuandika Kiswahili mtandaoni ukiwa na disleksia

Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti yake moja. Ndiyo maana watu wengi hudhani anayekosea tahajia ya Kiswahili hakusoma, au ni mvivu. Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, haihusiani na uvivu wala akili, na iko kwa wasemaji wa lugha zote. Kinachotofautiana ni sura yake. Kwenye Kiingereza mtu hukwama kwa sababu herufi na sauti hazipatani. Kwenye Kiswahili, kama ilivyo kwa Kiitaliano, mwenye disleksia mara nyingi hujifunza kusoma bila kukosea sana, ila husoma polepole na kuchoka mapema, na akishika kalamu au simu anaruka silabi, anarudia silabi, au anapindua herufi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeandika zaidi kwa simu: jumbe za WhatsApp, tangazo la biashara Facebook, barua pepe ya kuomba kazi. Tunashauri usilipe jicho kazi ya kunasa kila kosa. Kinywa kiandike, sikio likague, jicho libakiziwe yale makosa machache yanayogeuza maana.

Kosa lako linatoka wapi?

Fungua jumbe kama kumi ulizokwisha kutuma na uzipitie kwa utulivu.

Makosa yanayotokana na lugha ya kwanza yana msimamo. Anayechanganya r na l atachanganya kila mahali: "balua", "bule", "habali". Anayedondosha h ataandika "apa" na "abari", kisha aipachike pasipo na haja, "hasubuhi". Anayetamka dh kama z ataandika "tafazali" na "feza" mwaka mzima.

Makosa ya disleksia hayatabiriki. Neno "mwanafunzi" linakuwa "mwanafuzi" mstari wa kwanza, "mwafunzi" mstari wa tatu, na sawasawa kabisa mstari wa tano. Herufi b na d zinabadilishana, na hapo Kiswahili hakina huruma: "baba" ikipinduka inakuwa "dada".

Halafu kuna makosa ya simu yenyewe. Kibodi iliyowekwa Kiingereza inaona neno la Kiswahili kama Kiingereza kilichokosewa, inalibadilisha kimyakimya, na "sana" inaondoka ikiwa "Santa". Hilo lina dawa ya dakika mbili. Wengi wana mchanganyiko wa yote matatu, kwa hiyo anza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo rahisi.

Kibodi

Kwa simu ya Android yenye Gboard, kibodi ya Google:

1. Ingia kwenye mipangilio ya Gboard, sehemu ya lugha, uongeze Kiswahili. Utaona cha Kenya na cha Tanzania. Chagua kile unachokisema.
2. Zima usahihishaji wa kiotomatiki, lakini acha mapendekezo ya maneno yaendelee kutokea juu ya kibodi. Usahihishaji wa kiotomatiki unabadilisha neno bila kukuuliza, na mwenye disleksia ndiye wa mwisho kugundua. Pendekezo linasubiri ulichague.
3. Fungua kamusi binafsi uweke vifupisho vya maneno yanayokutesa: "tfd" ilete "tafadhali", "kwsb" ilete "kwa sababu", "nkd" ilete "na kadhalika". Kifupisho kisiwe neno la kweli, la sivyo kitajitokeza usipokihitaji. Kumi na tano vinatosha. Vikizidi hapo hutavikumbuka.
4. Ongeza urefu wa kibodi. Baadhi ya makosa ni ya kidole tu.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: kibodi hujifunza kutoka kwako. Ukiandika "tafazali" mara nyingi, itaanza kukupendekezea "tafazali" kwa kujiamini kabisa. Neno baya likitokea kwenye mapendekezo, libonyeze bila kuachia, kisha livute hadi kwenye alama ya kuondoa.

Sema, mashine iandike

Google ilianza kupokea imla ya Kiswahili mwaka 2017. Bonyeza alama ya maikrofoni kwenye kibodi na uzungumze. Sema sentensi fupi, maneno nane hadi kumi na mawili, kisha nyamaza kidogo. Usitamke silabi mojamoja kama unayemfundisha mtoto. Mashine inategemea mtiririko wa kawaida wa maneno ili kukisia. Nukta na mikato weka kwa mkono baadaye.

Imla inasaidia sana kwa r na l, kwa sababu mashine huchagua neno inalolijua hata kama matamshi yako yameteleza. Inakosea majina ya watu na mitaa, Sheng, na sentensi iliyochanganywa na Kiingereza. Kelele za stendi huivuruga. Na kuna mahali usipoiamini hata kidogo: h ya kukanusha. "Hatakuja" na "atakuja" zinakaribiana mno masikioni mwake, na zote mbili ni maneno sahihi.

Sikiliza kabla ya kutuma

Jicho la mtu aliyeandika husoma alichokusudia. Hilo linampata kila mwandishi, ila kwa mwenye disleksia linazidi. Kujisomea kwa sauti hakutoshi, kwa sababu kinywa chako kitasahihisha kilichokosewa, na kama kwako "kura" na "kula" ni sauti moja, hutasikia chochote. Unahitaji sauti ya mwingine, isome kilichoandikwa jinsi kilivyo.

Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, uwashe kipengele cha kuchagua maandishi yasomwe kwa sauti. Hakikisha lugha ya sauti ni Kiswahili. Ikibaki Kiingereza utasikia vituko. Punguza kasi kidogo. Kisha:

andika ujumbe mahali usipoweza kuutuma kwa bahati mbaya, mfano kwenye gumzo lako mwenyewe la WhatsApp. Usikilize mara ya kwanza bila kutazama skrini. Usikilize tena ukifuata kwa macho, ukisimama kwenye sentensi moja moja. Mara ya kwanza utanasa maneno yaliyorukwa. Mara ya pili utanasa silabi.

Ujumbe wa "nafika saa kumi" hauhitaji haya yote. Yaweke kwa matangazo, maombi ya kazi, na chochote chenye pesa ndani.

Makosa yanayogeuza maana

Hapa ndipo jicho lifanye kazi, na hapa ndipo kikagua tahajia kinapokuacha mkono, kwa kuwa neno lililokosewa nalo ni neno halali.

Kosa hatari kuliko yote ni h. "Hana deni" ikipoteza h inakuwa "ana deni". "Hajalipa" inakuwa "ajalipa", na hiyo angalau inaonekana kuwa mbovu; "hatalipa" inakuwa "atalipa", na hakuna atakayeshtuka. Kinga yake ni kuongeza neno la kukanusha baada ya kitenzi: "hana deni lolote", "hatakuja kabisa", "hatalipa hata shilingi". Sasa h ikidondoka, sentensi inakuwa "ana deni lolote", msomaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, anauliza. Umejiwekea akiba ya maana. Kwa mwenye kudondosha h, tungesema ajifunze hili kabla ya kitu kingine chochote.

Linalofuata ni silabi pacha. "Nitakukumbuka" ina ku mbili, moja ya "wewe" na nyingine ya mzizi wa kitenzi. Ukiruka moja inakuwa "nitakumbuka", na mpenzi wako atabaki akijiuliza utakumbuka nini. Vivyo hivyo "nilikukuta" na "nilikuta", "hatukukuambia" na "hatukuambia". Kata kitenzi kwenye viungo vyake: ni-ta-ku-kumbuk-a. Weka kidole kwenye kila kipande huku ukiuliza: nani, lini, kwa nani, kufanya nini. Kipande cha "kwa nani" kikikosekana, utakiona. Ukiwa huna muda wa kukata, ongeza "wewe" mwishoni: "nitakukumbuka wewe".

Irabu mbili nazo zina hila. Muuza kuku anayeandika "kuku huyu atakufaa" akasahau a moja ametangaza kwamba "kuku huyu atakufa", na bei inashuka hapohapo. Sikiliza urefu: mashine inayosoma polepole huvuta "faa" kuliko "fa".

Kwa r na l, usijifunze kamusi nzima. Jifunze jozi chache zinazoumiza: kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu. Andika orodha hiyo kwenye karatasi, uibandike nyuma ya simu ukipenda. Mengine, kama "balua", msomaji ataelewa bila shida.

Yapo ambayo unaweza kuyaacha kwa sasa. "Ngombe" bila kibainishi, "tafazali", "feza": yatasahihishwa siku ukiwa na nguvu, au kifupisho kitayafanya kwa niaba yako. "Ahsante" na "asante" zote zinakubalika, kwa hiyo anayekucheka hapo amekosea yeye.

Kuunganisha na kutenganisha

"Kwasababu", "ana soma", "nimwalimu", "nime fika". Makosa haya wanayafanya hata wasio na disleksia. Jaribio linalosaidia ni kujaribu kuchomeka neno jingine katikati. "Ni mwalimu" inakubali: "ni huyu mwalimu". Basi tenganisha. "Nimefika" haikubali chochote kati ya nime na fika. Basi unganisha. "Kwa sababu" inakubali: "kwa ile sababu". "Anasoma" haikubali. Jaribio hili halifanyi kazi kwa maneno yote, kwa hiyo haya yakariri tu: tenganisha kwa hiyo, kwa kuwa, hata hivyo, na kadhalika, unganisha isipokuwa, ijapokuwa, angalau, naye.

Mstari mwekundu

Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuwa na maumbo mengi mno, na orodha ya maneno ya kikagua tahajia haiwezi kuyabeba yote. Kwa hiyo kinapiga mstari mwekundu chini ya "hawakutusomesha", ambalo ni sahihi, na kinanyamaza mbele ya "kupiga kula". Mstari mwekundu uuchukulie kama swali. Usibonyeze "ongeza kwenye kamusi" ukiwa na haraka. Ukiongeza neno bovu, hutaonywa tena.

Ukitumia programu ya akili bandia, iambie waziwazi: "Sahihisha tahajia tu. Usibadilishe maneno wala mpangilio. Orodhesha ulichobadilisha." Bila agizo hilo itakuandikia upya, na mteja wako wa Gikomba au Kariakoo atapokea barua inayosikika kama ya wizara. Ile orodha ya mabadiliko ni muhimu: ndiyo inayokuonyesha kama imegusa h. Usiibandikie nambari za kitambulisho wala siri za wateja.

Tarakimu

Wanaosumbuliwa na mpangilio wa herufi mara nyingi husumbuliwa na mpangilio wa tarakimu pia. Nambari ya simu usiiandike kwa kichwa. Nakili na ubandike. Yako mwenyewe iweke kama kifupisho kwenye kamusi binafsi. Ikibidi kuandika, gawa tarakimu tatutatu na uzisome kutoka mwisho kurudi mwanzo ukilinganisha. Unapotuma pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, neno kwa neno.

Skrini

Kwa kusoma kwenye kompyuta, British Dyslexia Association, shirika la disleksia la Uingereza, hupendekeza herufi zisizo na mikia, kama Arial au Verdana, ukubwa wa pointi 12 hadi 14, nafasi ya 1.5 kati ya mistari, maandishi yaanzie kushoto bila kunyooshwa kulia, na mandhari ya rangi ya krimu badala ya nyeupe kali. Ziepuke herufi za mlazo. Fonti ya OpenDyslexic ni ya bure na wapo wanaoipenda, ila tafiti hazijaonyesha faida ya wazi. Kuongeza nafasi kati ya herufi na mistari kuna msaada wa uhakika zaidi.

Ukishatuma

WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe: ubonyeze bila kuachia, kisha chagua kuhariri. Wengine wataona alama kwamba umehaririwa, wala hilo si aibu. Telegram inakupa saa 48. Kwa hiyo sikiliza ujumbe muhimu mara moja zaidi ndani ya muda huo, hasa kama umekanusha jambo au umetaja bei.

Kwenye kundi lenye walimu wasioajiriwa, wale wa kusahihisha kila "r", weka kifupisho chenye jibu moja: "Nina disleksia. Kama sijaeleweka, niulize, nitatuma sauti." Kisha usiendelee na mjadala. Na ujumbe wa sauti usiuone kama kushindwa. Kwa maelezo marefu ya njia au ya mzigo, mara nyingi ndio unaofika salama zaidi. Ila bei, tarehe na kiasi viandike chini yake, mstari mmoja, ili mteja asilazimike kusikiliza dakika tatu akitafuta shilingi ngapi.