Kuvuta matukio ya kalenda nyingi kwa safari moja: Python na Google Calendar

Ofisi nyingi hapa Lubumbashi zina kalenda chungu nzima: ya ofisi kuu, ya depo ya Likasi, ya tawi la Kolwezi, ya gari, ya chumba cha mikutano, na ile ya wakubwa wa Kinshasa. Programu ya kuzionyesha pamoja huandikwa mara nyingi kwa kuuliza kalenda moja, kungoja jibu, kisha kuuliza nyingine. Kwa mega tunazonunua, hiyo ni hasara tupu.

Naanzia pale ambapo umeshapata ruhusa ya OAuth (njia ya Google ya kuiruhusu programu isome akaunti yako), na `huduma`, kitu cha Python unachotumia kutuma maombi, inazungumza na Calendar API v3, mlango wa programu kuingia Google Calendar. Lakini kwanza jiulize: unahitaji majina ya matukio kweli? Kama unataka tu kujua gari liko huru saa ngapi, tumia `freebusy().query()`. Ombi moja linabeba hadi kalenda 50 na kurudisha vipindi vyenye shughuli tu. Kazi imekwisha.

Hatua ya 1: orodha. `calendarList().list()` inakupa kalenda zote za akaunti. Hifadhi vitambulisho vyake kwenye faili, maana havibadiliki kila siku. Kwenye kodi ya hatua ya 3, orodha ya vitambulisho hivyo inaitwa `kalenda_zote`.

Hatua ya 2: saa. Hapa usikimbie. Kongo ina saa mbili: Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko UTC+2 (saa mbili mbele ya saa ya kimataifa, UTC), Kinshasa UTC+1. Ukianza siku kwa saa za Kinshasa, kwetu tayari ni 01:00, na kazi ya zamu ya usiku iliyoisha 00:40 haitaonekana. Usiandike `+02:00` kwa mkono. Taja eneo lenyewe:

```python
from datetime import datetime, timedelta
from zoneinfo import ZoneInfo

eneo = ZoneInfo("Africa/Lubumbashi")
mwanzo = datetime.now(eneo).replace(
    hour=0, minute=0, second=0, microsecond=0)
mwisho = mwanzo + timedelta(days=7)
```

Kumbuka pia kwamba, kwenye ombi la hatua ya 3, `timeMin` hupima mwisho wa tukio, na `timeMax` hupima mwanzo wake. Safari iliyoanza jana usiku na kuisha leo alfajiri itakuja, na ndivyo inavyotakiwa. Tukio la siku nzima, kama sikukuu ya 30 Juni, lina `start.date` badala ya `start.dateTime`. Liache liwe tarehe, usilibandike saa ya UTC.

Hatua ya 3: fungu moja (batch), yaani maombi ya kalenda zote yakitumwa pamoja.

```python
matukio, yaliyokwama, kurasa = [], [], []

def pokea(namba, jibu, kosa):
    k = kalenda_zote[int(namba)]
    if kosa:
        yaliyokwama.append(k)
        return
    matukio.extend(jibu.get("items", []))
    if "nextPageToken" in jibu:
        kurasa.append((k, jibu["nextPageToken"]))

fungu = huduma.new_batch_http_request(callback=pokea)
for i, k in enumerate(kalenda_zote):
    fungu.add(huduma.events().list(
        calendarId=k,
        timeMin=mwanzo.isoformat(),
        timeMax=mwisho.isoformat(),
        timeZone="Africa/Lubumbashi",
        singleEvents=True,
        maxResults=2500,
        fields="items(id,iCalUID,summary,start,end),nextPageToken"
    ), request_id=str(i))
fungu.execute()
```

Fungu halizidi maombi 50. Linapunguza safari za mtandao, si matumizi ya mgao wako (idadi ya maombi Google inayokuruhusu): kila ombi ndani yake linahesabiwa peke yake. Kalenda moja ikigoma, nyingine zinafika salama. Ikigoma kwa 403 au 429 ya kuzidisha mwendo, ngoja kidogo, kisha ongeza muda wa kungoja maradufu kila unaporudia.

Mega zinaokolewa hasa na `fields`, kwa sababu inaacha nje maelezo marefu na orodha za waalikwa. Sikuweka `orderBy`: inapanga ndani ya kalenda moja tu, na wewe utapanga upya baada ya kuunganisha. Kalenda zilizo kwenye `kurasa`, yaani zenye kurasa za majibu zilizobaki, zitumie fungu jipya lenye `pageToken`. Usiache hatua hii eti umeweka 2500. Seva inaweza kukupa ukurasa ambao haujajaa na bado kuna zaidi.

Hatua ya 4: ondoa marudio. Mkutano uleule huwa kwenye kalenda ya ofisi na ya chumba. `id` peke yake haitoshi kuutambua. Linganisha `iCalUID`, alama ya tukio inayobaki ileile kwenye kalenda zote, pamoja na `start`. Ukitumia `iCalUID` bila `start`, kikao cha kila Jumatatu kitabaki kimoja tu, kwa kuwa marudio yake yote yanashiriki alama hiyo.

Hatua ya 5: leta mabadiliko tu. Kama programu inauliza mara kwa mara, ongeza `status` ndani ya `items` na `nextSyncToken` kwenye `fields`. Tokeni hiyo, alama ya mahali ulipoishia kuvuta, huja na ukurasa wa mwisho. Ihifadhi kwa kila kalenda. Mara inayofuata itume kama `syncToken`, bila `timeMin` wala `timeMax`. Yaliyofutwa yatakuja na `status` ya `cancelled`. Ukipata kosa la 410, tokeni imekufa: futa data ya kalenda hiyo peke yake, uivute upya yote.