Dumu la Povu la Kuzimia Moto Likipasuka: Usafishe Vipi

Kama uko bohari ya mafuta Shimanzi au gereji kubwa Changamwe, hapa Mombasa, kagua stoo. Dumu la povu lenye lebo ya AFFF (povu linalotandaza utando juu ya mafuta yanayowaka), hasa la zamani, lichukulie kuwa lina PFAS, yaani kemikali zenye kaboni na florini zilizoshikamana sana, mpaka karatasi ya mtengenezaji ithibitishe vingine. Kemikali hizi haziozi. Mbili kati yake, PFOS imo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali sugu duniani, tangu 2009, na PFOA tangu 2019.

Hatua ya 1: Weka mpira wa maji mbali. Dumu likipasuka, mtu hukimbilia maji. Mzuie! Povu lililokolea likipigwa maji hufura, likajaa stoo nzima na kutafuta mtaro. Mwamba wa kisiwa cha Mombasa ni matumbawe yenye matundu. Kinachozama hapa chaweza kuibukia kisima cha jirani, na kuchemsha maji hakuondoi PFAS. Basi ziba mtaro kwanza kwa magunia ya mchanga na karatasi ya nailoni, ndipo ushughulikie dumu.

Hatua ya 2: Vaa glavu za nitraili, gambuti, ovaroli na miwani. Geuza dumu tundu liangalie juu, kisha litumbukize ndani ya pipa kubwa la plastiki.

Hatua ya 3: Nyonya, usioshe. Mwaga maranda au mchanga mkavu kuanzia ukingoni ukielekea katikati. Likishanyonywa, zoa kwa koleo. Sakafu ifute kwa matambara yenye unyevu kidogo tu, uyakamulie kwenye ndoo yake. Tambara, fagio, glavu, maji ya ndoo: vyote sasa ni taka hatari. Ovaroli nayo isifuliwe nyumbani pamoja na nguo za watoto, tafadhali.

Hatua ya 4: Funga na uandike. Pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, lisijae pomoni. Andika: TAKA HATARI, PFAS, kiasi, tarehe. Liweke chini ya paa, ndani ya beseni la kudaka uvujaji.

Hatua ya 5: Kuzitoa taka. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Usichome uwanjani: moto wa kawaida hautenganishi kaboni na florini, unarusha sumu hewani tu. Tanuri la kuziharibu linahitaji takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi. Usizipeleke jaa la Mwakirunge. Mwenye lori akuonyeshe leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) ya kusafirisha taka hatari, akupe hati ya ufuatiliaji, na aandike taka zinakwenda wapi na zitaharibiwa vipi. Akisema "tutachoma" bila kutaja tanuri wala joto, mwambie arudi mikono mitupu. Afadhali pipa likae kwako limefungwa. Zikipelekwa nje ya nchi, Mkataba wa Basel, unaosimamia taka hatari zinazovuka mipaka, unadai kibali cha nchi inayopokea kabla hazijaondoka bandarini.

Mkibadilisha mfumo kwenda povu lisilo na florini, kumbukeni PFAS hung'ang'ania kuta za tangi na mabomba. Suuzeni mara kadhaa, mpime maji ya mwisho maabara, na maji yote ya kusuuzia yaingie kwenye mapipa yaleyale.