Mpiga ngoma unayetaka kuwa mtunzi, anza na wenzako

Kama unasomea ngoma na marimba chuoni na moyo wako uko kwenye utunzi, usingoje okestra. Waandikie wenzako wanne kipande cha dakika 5, wakipige, urekodi. Hapo utagundua ulimpa mtu mapigo mawili tu ya kimya aweke chini vijiti vyenye kichwa cha uzi ashike vya mbao, na mikono haikuwahi. Rekebisha nota usiku huohuo, ungali unakumbuka. Na ukitungia marimba ya oktava 5 (oktava ni ngazi moja ya nota nane), tafadhali toa pia toleo la oktava 4, maana si kila chuo kina ile kubwa. Steve Reich, mtunzi wa Marekani, naye alijifunza ngoma, na kazi zake akazipiga na kundi lake mwenyewe.